Kurudi Marangu Krismasi ukiwa huna kazi

Ukipewa barua ya kupunguzwa kazi mwezi wa kumi na moja, wazo la kwanza linalokujia ni kwamba mwaka huu nyumbani huendi. Nalijua vizuri wazo hilo. Mimi ni mtoto wa kwanza kwetu, Marangu, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, na kwa miaka mingi nilikuwa mtunza stoo wa kampuni moja Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Ilipopunguza watu mwishoni mwa Novemba, jina langu lilikuwemo. Nilikwenda nyumbani hata hivyo, na mke wangu na watoto. Haya nayaandika kwa ajili ya mwenzangu ambaye mwaka huu yuko palepale: barua iko mfukoni, ndugu wote wanajiandaa kupanda mlimani, naye anafikiria kuzima simu mpaka Januari.

Nasema nenda. Ila kuna mambo ya kumaliza kabla hujapanda basi, na kubwa kuliko yote ni kwamba habari yako itangulie kufika.

Maliza karatasi ukiwa bado mjini

Mwajiri anayekimbizana na kufunga mahesabu ya mwaka anaweza kukulipa nusunusu, halafu akasubiri uone mwenyewe. Kwa hiyo jua unachodai. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya likizo ambayo hukuchukua, na notisi, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi haipungui siku 28. Asipokupa muda huo, akulipe fedha yake. Kisha kuna kiinua mgongo kwa aliyetumikia mfululizo angalau miezi 12: mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10.

Tuchukue mtu mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 900,000 anayefanya kazi siku sita kwa wiki. Gawanya kwa 26, unapata kama 34,600 kwa siku. Mara saba ni kama 242,000. Akiwa ametumikia miaka sita, anastahili karibu 1,450,000. Hesabu hiyo ifanye mwenyewe kwa kalamu kabla ya kusaini chochote. Na usiondoke bila cheti cha utumishi, maana Februari ukiitwa kwenye usaili ndicho watakachokuuliza.

Kama unaona utaratibu haukufuatwa, kwa mfano mwajiri hakutoa taarifa, hakueleza sababu wala hakukaa na wafanyakazi kushauriana kabla ya kupunguza, malalamiko yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Hapa ndipo Desemba inapowaumiza watu. Barua ya tarehe 28 Novemba, siku zake 30 zinakwisha tarehe 28 Desemba, wakati wewe uko kihambani, shamba la nyumbani, unakata majani ya ng'ombe na kila mtu anakwambia mambo ya kazi yasubiri mwaka mpya. Hayasubiri. Shauri hufunguliwa eneo ambako mgogoro ulitokea, kwa hiyo jaza fomu namba 1 ukiwa Dar. Huduma yenyewe hailipiwi.

Jambo jingine, nalo naomba ulishike sana. Ukiitwa ofisini ukaambiwa kwa upole, "Andika tu barua ya kuacha kazi mwenyewe, itakuwa nzuri kwenye rekodi yako," usiandike. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wana fao la kukosa ajira: kwa aliyechangia angalau miezi 18 wanalipa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, na aliyechangia pungufu ya hapo anapata nusu ya michango yake. Fao hilo ni la mtu aliyeachishwa. Aliyejiuzulu kwa hiari yake halipati. Barua ya mistari minne uliyoiandika kwa heshima inaweza kukunyima theluthi ya mshahara kwa nusu mwaka, na hiyo ni kodi ya nyumba na unga wa watoto.

Baada ya hapo lipa kodi, kama unaweza hadi Machi. Uliza kadi ya bima ya afya inazimwa lini, na kama kuna mtoto mwenye jino bovu au miwani ya kubadilisha, mpeleke wiki hiyohiyo. Nauli ya kwenda na ya kurudi itenge pamoja, uiweke mahali ambapo hutaigusa. Mambo haya yakishakaa sawa, kichwa kinapata nafasi ya kufikiria watu.

Nani aambiwe, na kwa mpangilio gani

Mke au mume anaambiwa siku ileile, kabla hujavua viatu. Sioni la kujadili hapo. Nimewahi kumsikia mtu aliyeendelea kuvaa shati la kazini kila asubuhi na kwenda kukaa bustani ya Mnazi Mmoja mpaka jioni ili mkewe asijue, na namhurumia, maana alibeba mzigo mara mbili.

Wa pili awe rafiki mmoja. Mmoja tu, na mchague vizuri. Wenzako wa kazini watanyamaza, na ukimya wao utakuuma kuliko barua yenyewe. Utaona umeondolewa kwenye kundi la WhatsApp la ofisi bila hata neno. Usiwahukumu mapema. Waliobaki wanaogopa kuwa orodha ya pili inakuja, na wengi hawajui waseme nini. Wapigie wewe. Mpigie hata yule aliyekaa dawati la jirani, msalimie, muulize watoto, kata simu. Hapo unakuwa umemwondolea woga, na mara ya pili atapiga yeye.

Rafiki yangu alibaki kazini. Jumapili iliyofuata alikuja kwangu Kimara na boksi lenye vitu vyangu: kikombe, koti la mvua, na madaftari mawili ya stoo ambayo nilikuwa nikiyaandika kwa mkono hata baada ya kompyuta kuja. Tukakaa kibarazani. Akaongea habari za Simba na Yanga kwa muda mrefu, nami nikamwacha aongee, kwa sababu niliona anatafuta njia. Halafu akaweka glasi chini akaniuliza, "Mwezi huu unadaiwa nini na nani?" Hakuuliza naendeleaje. Nikamtajia: ada ya mtoto iliyobaki muhula wa pili, na mchango wa kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Akasema la kikoba atalibeba yeye hadi Februari, na ada nitafute mwenyewe. Na ndivyo ilivyokuwa.

Kama wewe ndiye rafiki wa aliyepoteza kazi, chukua swali hilo kama lilivyo. "Ukihitaji chochote niambie" ni maneno mazuri, lakini mtu aliyeumia hawezi kuyajibu. Swali lenye jina la deni na mwezi wake, hilo analijibu.

Na kama wewe ndiye unayehitaji kukopa, mtaje mtu mmoja, kiasi kimoja na tarehe moja ya kurudisha. Usitume ujumbe wa kuomba kwa watu kumi kwa pamoja. Wataongea wao kwa wao, na kila mmoja atadhani mwenzake ametoa.

Sasa nyumbani. Wakubwa wanapigiwa simu mmoja mmoja kabla habari haijafika kwenye kundi la familia. Baba mdogo akilisoma jambo hili kwenye kundi pamoja na wajukuu, amevunjiwa heshima, na atakukumbusha kwenye kikao. Mimi nilianza na mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona unapiga mchana, hauko kazini?"

Nikamwambia kazi imekwisha, kampuni imepunguza watu. Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza kama yule kijana wa Rombo, aliyewahi kumletea mkaa mwaka ambao mimi sikuweza kupanda, naye ametolewa. Nikasema naye pia. Akasikitika kwa ajili yake, kwa mama yake, kwa wadogo zake. Mwishoni ndipo akarudi kwangu: "Mkija mje na magunia matupu. Ndizi zipo, na mahindi yapo."

Maneno hayo ya magunia yalinitosha. Mama hakuniuliza kama nitakuja. Alishaanza kupanga tutarudi Dar na nini.

Ukishamaliza simu za wakubwa, andika kwenye kundi. Andika mara moja, kwa kifupi, na utaje tarakimu. Ujumbe wangu ulikuwa karibu hivi:

"Shikamooni wakubwa, habari za jioni wadogo zangu. Kazi yangu imeisha mwezi uliopita, kampuni imepunguza wafanyakazi. Sisi ni wazima na watoto wako salama. Mchango wangu wa mbuzi na mchele mwaka huu ni 30,000 badala ya 150,000. Nitafika mapema, kwa hiyo banda la ng'ombe la mama na kuni za sikukuu niachieni mimi. Tuonane salama."

Huo mstari wa banda na kuni ndio wenye uzito. Mtu aliyezoea kutoa fedha nyingi akitaja tu kwamba amepungukiwa, familia inabaki na pengo na haijui ilizibe vipi. Akitaja anachokuja kufanya, kila mtu anajua nafasi yake.

Kitu kimoja usikiseme popote, wala kwenye kundi wala mezani: kiasi cha kiinua mgongo. Kwamba kazi imekwisha, hilo ni la wote. Kiasi ulicholipwa ni cha wewe na mwenzi wako. Ukikitaja, kitakopwa kabla ya mwaka mpya, na watakaokikopa ni watu unaowapenda, ambao huwezi kuwadai.

Panda mapema

Kukosa kazi kuna faida moja Desemba: husubiri ruhusa ya likizo. Kuanzia tarehe 20 kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, kinafurika, tiketi za Moshi zinagombaniwa, na wapiga debe wanataja bei iliyo juu ya nauli elekezi ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Wiki moja kabla ya hapo mambo ni ya kawaida, na shule zimeshafungwa. Kuna pia treni ya Shirika la Reli, TRC, iliyorejeshwa kwenda Moshi Desemba 2019 baada ya miaka zaidi ya 20. Ni ya polepole, lakini kwa mtu mwenye watoto na muda ni nafuu. Ulizia ratiba stesheni, haiendi kila siku.

Nguo za sikukuu za watoto tulinunua mitumba ya Memorial, Moshi mjini, tukiwa njiani. Sare za Januari zilikuwa zimeshanunuliwa Dar. Huo ndio mpangilio ninaoupendekeza: sare kwanza, gauni la Krismasi baadaye. Watoto tuliwaeleza wenyewe, kwa maneno yao: baba anatafuta kazi nyingine, mwaka huu soda ni siku ya Krismasi na siku ya mwaka mpya. Mtoto wa darasa la nne anaelewa hilo kabisa. Asichoweza kukielewa ni wazazi wanaonong'ona.

Fanya kazi inayoonekana

Kwetu kitindamimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi, kwa hiyo mdogo wangu wa mwisho ndiye anaishi na mama. Kwa miaka mingi nilikuwa nafika tarehe 23 jioni na kuondoka tarehe 28, naona banda linaoza, natoa hela, nasema litengenezwe. Halikuwahi kutengenezwa lote. Safari hii nilikuwa na muda.

Tulianza asubuhi na mapema, mimi na mdogo wangu, kabla jua halijapanda juu ya migomba. Sakafu ya banda ilikuwa ya mbao, na zile za upande wa hori zilikuwa zimelowa mkojo mpaka zimekuwa laini, ukizibonyeza kwa kidole gumba kinaingia. Tukatoa ng'ombe tukamfunga chini ya mparachichi. Mbao mpya zilikuwepo darini, za mgrivea, baba alizipasua zamani kabla hajafariki, zimekauka vizuri. Mdogo wangu anajua kazi hiyo kuliko mimi. Alinionyesha kuacha upenyo wa kidole kati ya ubao na ubao ili mkojo ushuke kwenye shimo la mbolea. Nikawa napiga misumari, yeye anapima. Hatukuongea sana. Siku ya pili akaniambia, akiwa ameinama, kwamba amekuwa akidhani namwona kama mtu aliyeshindwa mjini akarudi. Nikamwambia sijawahi. Akasema, "Basi nipe hiyo nyundo." Tukaendelea.

Sijui kama mazungumzo hayo yangetokea mwaka wa kawaida. Ndiyo maana nasisitiza: chagua kazi moja kubwa ya nyumbani inayohitaji watu wawili, uifanye na ndugu ambaye humjui vizuri tena. Kusafisha mfongo, yaani mfereji wa maji, kupunguza machipukizi ya migomba, kupaka chokaa nyumba ya mama, chochote. Wageni wa sikukuu watapita, wataona, na swali la kwanza watakalouliza litahusu banda. La gari umeliacha wapi litakuja baadaye, likiwa jepesi.

Siku zenyewe

Jibu la kazi liwe tayari, la sentensi moja: "Kampuni imepunguza watu, natafuta ya stoo au ugavi." Sema, kisha muulize yeye habari zake. Usianze kumlaumu bosi wako wa zamani mbele ya kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Waliokaa hapo wamekuja kufurahi, na mmoja wao huenda anamjua mtu ambaye ungemhitaji.

Baa za Marangu Mtoni usiku wa tarehe 24 ziepuke. Raundi moja ya meza yenye watu wanane inamaliza nauli ya mtoto. Mbege ya nyumbani ipo, imepikwa kwa ndizi na ulezi na gome lake chungu la msesewe, na wazee wanaokunywa hapo wana mambo ya kusema.

Kanisani kuna mnada baada ya ibada. Jogoo, mkungu wa ndizi, trei la mayai, vinauzwa kwa sadaka, na mnadishaji anawatazama waliotoka Dar. Kama mlikuwa mkipandishana bei miaka iliyopita, macho yatakujia. Toa bahasha yako mapema, kiasi chako, kisha jitolee kubeba vitu vinavyonadiwa kuviweka mbele. Niliwahi kumwona mzee mmoja akifanya hivyo mwaka aliofilisika. Hakuna aliyemtarajia anunue jogoo wakati mikono yake ina mkungu.

Mbuzi alichinjwa kama kawaida. Kisusio, supu ya damu na nyama, kilipikwa, kila rika likapata kipande chake, na mimi nikapewa kipande cha mtoto wa kwanza kama mwaka wowote. Baba mdogo ndiye aliyekikata. Nilikuwa nimejiandaa kukataa kwa kuwa mchango wangu ulikuwa mdogo. Mke wangu akanigusa goti, nikapokea. Ukipewa, pokea. Kipande hicho kinafuata kuzaliwa kwako.

Kikao cha ukoo kitumie

Siku moja au mbili baada ya Krismasi wazee wanaitisha kikao. Mipaka ya vihamba, makaburi, ada za mayatima, madeni ya ndugu. Watu wengi waliopoteza kazi hukikwepa kikao hiki kuliko yote. Mimi naona hicho ndicho kikubwa cha safari nzima, kwa sababu hakuna siku nyingine ambapo watu wa Mwanza, Arusha, Mombasa na Nairobi wanakaa kwenye viti vya kukodi chini ya mgomba mmoja.

Usiombe kazi pale mbele ya wote. Sema tu, zamu yako ikifika, unachokijua kufanya, kwa undani. Mimi nilisema nimetunza stoo ya vipuri, najua kuhesabu mali, kuagiza kabla haijaisha, kufunga hesabu za mwezi, kwa kompyuta na kwa daftari. Kikao kikiisha, watu walinifuata pembeni mmoja mmoja. Binamu wa Arusha alinipa jina la msimamizi wa ghala. Shangazi alinitaka nimsaidie kupanga duka lake la dawa za mifugo Himo, kwa malipo, wiki ile ile. Wasifu wako uwe kwenye simu na nakala chache zilizochapishwa, kwa maana mlimani mtandao hukatika na mzee hataki kuangalia kioo kidogo.

Utapewa pia mawazo ya biashara. Kuku, bodaboda, shamba la kukodi, na kuna atakayekuletea habari za fedha inayozaa yenyewe kwenye simu. Sikiliza yote, shukuru, na mwambie kila mmoja utaamua Februari. Huyo wa mwisho usimpe hata namba yako ya kitambulisho.

Kurudi

Shukeni kabla ya tarehe 3 Januari ili mpate basi bila kusukumana. Magunia ya mama yapakiwe usiku na yaandikwe jina kwa kalamu ya wino mzito pande zote mbili, maana buti la basi la Januari lina magunia ya ndizi yanayofanana kabisa. Lipia mizigo kwenye dirisha la ofisi na udai risiti. Mkungu mmoja mpelekee rafiki aliyebeba deni lako la kikoba, siku hiyohiyo mnayofika, ndizi zikiwa bado mbichi.

Kesho yake nenda NSSF na barua ya kuachishwa, kitambulisho cha taifa, namba yako ya uanachama na taarifa ya benki. Foleni ya wiki ya kwanza ya Januari ni ndefu, fika saa moja kamili asubuhi. Na yule msimamizi wa ghala wa Arusha mpigie saa nne, akishamaliza kufungua stoo.